Dakika Kumi Zinatosha

Hakuwa na macho. Surua iliyachukua akiwa na miaka minne. Hakuwa na shahada, hakuwa na kiwanja, hakuwa na mjomba serikalini wala mtoto wa kiume. Hakuwa na fimbo nyeupe ya maana, kwa kuwa ile nzuri ilibanwa na mlango wa lifti ya kampuni, kampuni ikaahidi kununua nyingine, na ahadi hiyo sasa ilikuwa na miaka sita. Hakuwa na ofisi yenye dirisha, jambo ambalo wakubwa waliona si hasara kwake. Pale kazini hakuwa hata na jina. Mteja aliyetaka kuongea na mtu alibonyeza sifuri, na akibonyeza sifuri alimpata yeye. Basi kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi walimwita Sifuri, naye akaitika kwa miaka thelathini na moja.

Alichokuwa nacho ni sauti nzito yenye upole, na kumbukumbu. Aliketi mbele ya swichibodi ya simu ya kampuni ya bima akizijua kwa kichwa namba za ndani za ofisi mia mbili na kumi, na fomu zote za kampuni kifungu kwa kifungu, kwa kuwa watu walimpigia wakiwa wamekwama katikati ya fomu na yeye akawavusha. Mjane akipiga simu na kunyamaza, Sifuri hakumharakisha. Alimngoja apate pumzi.

Mkurugenzi mpya alipoingia, jambo la kwanza lililomuudhi ni tovuti ya kampuni. Ilikuwa kama stoo ya marehemu: kila mtu ameweka kitu, hakuna aliyethubutu kutoa. Wazee walishindwa kusoma maandishi yake, wenye simu ndogo walishindwa kuifungua, na wasioona hawakupata pa kuingilia kabisa. Sheria nayo ilikuwa imeanza kudai kwamba kampuni za aina hiyo zihudumie watu wote mtandaoni. Akaajiriwa kwa mkataba msanifu wa tovuti kutoka nje, mwanamke kijana, asiyependa maneno mengi. Na Meneja wa huduma kwa wateja akashuka mwenyewe hadi kwenye swichibodi.

"Sifuri, mzee wangu, unahitajika juu."

"Juu nimeshaitwa mara mbili, bwana Meneja. Mara moja lifti ilikuwa mbovu, mara ya pili walikosea mtu."

"Safari hii hatujakosea. Utakuwa mtaalamu wetu wa ufikivu."

"Huo ufikivu unaliwa au unavaliwa?"

"Unalipwa," akasema Meneja, na wote wawili wakacheka.

Siku kumi na moja alizokaa na Msanifu, wakiifanya tovuti ifikiwe na kila mtu, hata asiyeona, zilikuwa siku tamu kuliko zote alizopata kufanya kazi. Kompyuta ilikuwa na ile sauti inayomsomea asiyeona kila kilichoandikwa kwenye kioo. Kwenye kurasa za kwanza sauti ilisema tu, "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha mia nne na mbili."

"Kitufe cha nini?" Sifuri aliuliza. "Binti yangu, nyumba yenye milango saba isiyo na alama, mgeni atalala nje."

Msanifu hakujitetea. Aliandika, akarekebisha, akamwita tena. Kila kitufe kikapata jina lake, kila picha ikapata maelezo. Maandishi ya kijivu hafifu, yaliyopendwa na mkurugenzi aliyetangulia, yakafanywa meusi kwa ajili ya wazee. Jioni Sifuri alirudi nyumbani akiongea hadi chakula kikapoa, na mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare za shule pale pale sebuleni, akamwambia, "Kula, mtaalamu. Wali hausomi tovuti."

Siku ya mwisho walipima fomu ya madai, ile ya kujazwa na aliyefiwa. Meneja alikuja kushuhudia, akasimama nyuma ya kiti akinukia manukato.

"Watu wa ulinzi wa mitambo wanataka ukurasa ujifunge baada ya dakika kumi," alisema. "Wezi wa mtandaoni, mzee. Msanifu yeye anataka arobaini. Sasa tumesema tumuulize mwenye tatizo lenyewe."

Sifuri akavaa visikilizio, kisha akavichomoa ili nao wasikie. Akaiongeza kasi sauti ya kompyuta mpaka mwendo aliouzoea yeye. Maneno yakamwagika kama ya dalali wa mnada anayewahi basi.

"Imeharibika hiyo?" Meneja aliuliza.

"Iko salama. Ndivyo ninavyoisikiliza."

Akajaza. Kifungu cha nne alikijua kabla hakijasomwa, cha tisa alikimaliza sauti ikiwa bado inakitaja. Alipobonyeza kitufe cha kutuma, zilikuwa zimepita dakika sita. Meneja akapiga makofi.

Msanifu hakupiga. "Mzee," alisema taratibu, "fomu hii umeijua kwenye karatasi kabla mimi sijaanza shule. Sikuulizi kama wewe unaweza. Nakuuliza kuhusu mtu anayeiona leo kwa mara ya kwanza. Mtu mwenye msiba."

Swali lilikuwa la haki, na Sifuri alijua ni la haki. Lakini kwa miaka thelathini na moja hakuna mtu wa ghorofa za juu aliyewahi kumuuliza anaonaje jambo, na sasa amepewa sahani, hajameza hata tonge la kwanza, binti huyu anataka kuiondoa. Sifa zilikuwa zimemkaa shingoni. Hakutaka kuzishusha mbele ya Meneja.

"Usitudharau vipofu, binti yangu," akasema. "Dakika kumi zinatosha, na chenji inabaki."

Meneja akacheka kwa sauti, akaandika. Hati ya kuthibitisha hivyo ikaletwa. Sifuri akatoa mfukoni kadi yake ya plastiki iliyokatwa dirisha jembamba, Meneja akaiweka mahali pa saini, naye akasaini ndani ya dirisha hilo, herufi zake zote zikiwa zimenyooka.

Tovuti mpya ilizinduliwa kwa keki. Mpiga picha alimwomba Sifuri avae miwani myeusi, ambayo hakuwahi kuivaa maishani, "ili watu waelewe." Fimbo yake ilikuwa imepinda, hivyo wakamkopesha mpya inayoteleza mkononi kama kioo. Picha ilipokwisha wakaichukua fimbo, na miwani.

Jumatatu iliyofuata alifika kazini saa moja na nusu kama kawaida, akaketi, akanyoosha mkono kwenye swichibodi. Mkono ukagusa meza. Akaupeleka kushoto, akaupeleka kulia. Yalikuwepo matundu manne ya skrubu na vumbi.

"Hukuambiwa?" Meneja alisema alipompata. "Lakini hii ni sifa yako, mzee! Wewe ndiye umetuthibitishia kwamba hata asiyeona anajihudumia mwenyewe. Sasa simu ya nini? Na madirisha ya huduma kule chini tumeyafunga pia. Watu wataacha kupanga foleni."

"Na akibonyeza sifuri?"

"Anasikia tangazo. Linamwelekeza kwenye tovuti. Wewe usiwe na wasiwasi, una mkataba wa ushauri wa miezi mitatu, na baada ya hapo nakusainia wa miaka miwili. Kitinda mimba wako anasoma uuguzi, sivyo? Basi. Amalize."

Alipomweleza mkewe, cherehani ilisimama.

"Yaani wamekupa panga, ukakata tawi ulilokalia, wakakupigia makofi," Fundi akasema.

"Kuna mkataba wa miaka miwili."

"Umesainiwa?"

"Utasainiwa."

Cherehani ikaanza tena.

Wiki hiyo hiyo alifariki shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi wa malori aliyelipa bima ya maisha miaka kumi na tisa bila kuruka mwezi. Dada mtu alikuwa anakwenda kwenye giza polepole. Sukari ilimla jicho moja na lingine lilibaki na mwanga wa kujua mchana na usiku. Sifuri ndiye aliyemfundisha kutumia simu inayoongea. Na ndiye aliyemwambia, watu wakiwa bado wamekaa msibani, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Dada, suala la bima lisikusumbue. Hakuna foleni siku hizi. Unajaza mwenyewe, kwenye simu, nyumbani kwako. Una siku tisini. Nimeipima kwa mkono wangu. Na neno lako la siri usimpe mtu, hata mimi."

"Mdogo wangu, kweli nitaweza?"

"Hata mtoto ataweza."

Dada alikuja Jumamosi moja asubuhi, miezi mitatu baadaye, bila taarifa. Alibisha hodi mara moja tu. Fundi alimpokea mkoba, akamketisha kwenye kiti kisicho na vitambaa.

"Karibu, wifi. Mbona umekonda hivi?"

"Nimekuja kwa mdogo wangu," alisema. "Nina ujumbe nataka ausikie. Labda mimi nimesikia vibaya."

Akaiwasha simu. Sauti ya simu, bila huruma wala chuki, ikasoma: dai lake halikupokelewa ndani ya muda, siku tisini zimepita, kampuni inasikitika. Kisha ikasoma aya ya mwisho. "Tovuti yetu imehakikiwa kuwa rahisi kwa watu wote na mtaalamu mwenye ulemavu wa kuona."

Fundi aliacha mkasi mezani. Sifuri akasema, "Hukujaza?"

"Nimejaza mara kumi na nne."

"Mara kumi na nne? Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulisema hata mtoto ataweza. Nikajua basi ujinga ni wangu. Nilikwenda kwenye duka la kompyuta pale kwetu, kijana akasema nimpe neno la siri anijazie. Nikakumbuka ulivyonikataza. Nikarudi nyumbani, nikaanza tena."

Sifuri alivuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana. Fomu bado ilifunguka, ingawa faida yake ilikuwa imekwisha. "Jaza sasa," akasema. "Kama siku zile. Usinijali."

Dada alianza. Sauti ya simu yake ilikuwa imewekwa mwendo wa polepole, na kila kifungu alikisikiliza mara mbili, akinong'ona maneno ya mwisho ili yasimpotee. Namba ya bima aliitoa kwenye kitambaa alichokifunga mafundo: fundo moja, nafasi, mafundo saba, nafasi. Aliyasoma kwa kidole, akaandika, akairudia kuhakiki. Palipoandikwa "uhusiano wako na marehemu" alinyamaza kidogo. Palipoandikwa "tarehe ya kifo" alinyamaza zaidi, akafuta pua, akaendelea. Sifuri, ambaye alimngoja kila mjane wa kampuni ile apate pumzi, alikaa akisikia saa ya ukutani.

Alipofika kwenye cheti cha kifo, na kidole chake kikitafuta kitufe cha kupakia picha, simu ikasema, "Karibu kwenye tovuti yetu. Ukurasa wa mwanzo."

"Unaona?" dada akasema. "Kila mara hapo hapo. Hainiambii nimekosea nini. Inanikaribisha tu upya, kana kwamba hatujawahi kuonana."

Fundi alikuwa ameitazama saa. "Dakika kumi," akasema. Hadithi ya dakika kumi na chenji yake alikuwa ameisikia mezani si mara moja.

Jumatatu Sifuri alikuwa wa kwanza kwenye ghorofa ya nne. Meneja alimpa kiti na chai, akamwambia mkataba wa miaka miwili uko tayari, Ijumaa watausaini. Wiki hiyo hiyo mamlaka inayosimamia kampuni za bima ingeleta watu wa kutoa cheti cha huduma bora, na wangependa kumwona.

"Bwana Meneja, nilikosea," Sifuri alisema. "Zile dakika kumi. Zibadilishwe ziwe arobaini, kama Msanifu alivyotaka. Na dai la dada yangu lipokelewe. Si yeye tu, lazima wako wengine."

"Wako," Meneja alisema bila kusita. "Tuna orodha. Madai mengi hayajakamilika."

"Mnajua?"

"Mzee, kila dai lisilokamilika halilipwi. Huko juu hakuna anayelia." Akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Nikibadilisha leo, mamlaka wataniuliza kwa nini. Nitasema nini? Kwamba mtaalamu tuliyemtegemea alikosea? Na mtaalamu anayekosea ni wa nini tena hapa?"

"Nimpigie Msanifu, yeye—"

"Mkataba wake ulikwisha. Alituachia barua ndefu kuhusu hizo dakika. Tukaambatisha hati yako juu yake." Kijiko kikazunguka kwenye kikombe. "Kwa dada yako, mimi binafsi nitachanga kitu. Wewe ni mtu wetu. Ijumaa vaa koti."

Sifuri alitafuta mlango kwa fimbo yake iliyopinda. Kwa mara ya kwanza katika jengo lile aliukosa, akagonga kabati, na katibu muhtasi akaja kumshika mkono kama anavyoshikwa mgeni.

Taipureta ilikuwa uvunguni mwa kitanda. Alipewa alipomaliza masomo ya jioni, enzi ambazo kila opereta asiyeona alifundishwa kupiga chapa, na hakuwa ameigusa tangu msichana wake wa mwisho alipokuwa akinyonya. Alhamisi mchana aliiweka mezani, upande wa pili wa cherehani, akafuta vumbi.

"Unamwandikia nani?" Fundi aliuliza.

"Mamlaka ya bima. Nakala kwa mkurugenzi."

"Kesho ni Ijumaa."

"Najua kesho ni lini."

"Unajua pia muhula wa mtoto unaanza lini? Amebakiza miaka miwili. Miwili, baba, kama mkataba. Mungu mwenyewe amepima." Alikata uzi kwa meno. "Na barua hiyo haitamrudishia wifi hata senti. Umejiuliza?"

"Nimejiuliza."

"Basi mchangie dada yako kutoka kwenye mshahara wako kila mwezi. Mimi sitasema neno. Kula naye."

"Na wale wa kwenye orodha?"

"Hao ni dada zako?"

Aliweka karatasi, akaipima kwa vidole, akaanza kupiga. Vyuma viligonga kwa saa nzima, taratibu, kwa kuwa hakutaka kosa. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyesaini hati ile. Kwamba aliulizwa na mtu mwenye akili swali la haki, akajibu kwa kiburi. Kwamba dakika kumi zilimtosha yeye, aliyekuwa na fomu ile kichwani kwa miaka thelathini na moja, na kwamba hazimtoshi mtu aliyefiwa. Kwamba kampuni inajua, na ina orodha. Kwamba anaitangua saini yake, na anaomba madai yote yaliyokatwa kwa sababu ya dakika hizo yafunguliwe upya, la dada yake likiwa mojawapo, ili isije ikasemwa amelificha.

Akachomoa karatasi. "Nisomee," alisema, "kama kuna kosa."

Cherehani ilinyamaza. Alisikia karatasi ikipokelewa, ikainuliwa, ikageuzwa upande wa pili, ikarudishwa. Kisha hakusikia kitu. Nje mtu alikuwa akipigilia bati. Nyundo ikagonga mara sita, saba.

"Iko sawa," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Lete nikunje. Nina bahasha."

Karatasi ikakunjwa mara moja, mara mbili. Sifuri alitega sikio. Katika miaka thelathini na moja ya kusikiliza watu ambao hakuwaona, alikuwa amejifunza jambo moja: anayesoma, hata akisoma kimya, pumzi yake hukata penye nukta. Pumzi ya mkewe haikuwa imekata mahali popote.

"Nisomee sentensi ya mwisho tu," akasema.

Nyundo nje ikasimama.

"Mke wangu. Sentensi ya mwisho."

Akasikia kiti kikisogea, kisha mkewe akilia, kilio kifupi cha hasira, kama mtu aliyejichoma sindano.

"Hakuna sentensi," akasema. "Utepe wa wino umekauka. Karatasi ni nyeupe, baba, nyeupe kama shuka ya hospitali. Umepiga saa nzima hakuna hata nukta. Nikasema Mungu amenisaidia. Nikasema aitume hivyo hivyo, roho yake itulie, na mwanangu asome." Akafuta uso kwa kitu, pengine sare ya mtoto wa mtu. "Ungenichukia?"

"Nisingejua."

"Sasa umejua. Ndicho ninachouliza."

"Mimi nilimwambia dada hata mtoto ataweza," akasema. "Naanzia wapi kukuchukia wewe?"

Fundi alisimama. Akachukua kikopo cha mafuta ya cherehani, kile chenye mdomo mrefu mwembamba, akaufungua mfuniko wa taipureta, akadondosha tone baada ya tone kwenye utepe, huku Sifuri akiuzungusha kwa kidole. Wino wa zamani ulilegea. Harufu ya mafuta ikajaa chumbani. Akaweka karatasi mpya yeye mwenyewe, akainyoosha.

"Piga," akasema. "Nitakuwa nasoma ukipiga. Ukikosea nitakwambia, na hutanijibu kwa kiburi."

Alipiga. Mara mbili Fundi akamwambia amekosea, na mara mbili akaanza upya. Ilipokwisha mkewe alimsomea yote kwa sauti, hadi nukta ya mwisho, kisha akaweka ile kadi ya plastiki mahali pake, na Sifuri akasaini ndani ya dirisha. Nakala ya mkurugenzi ikasainiwa vivyo hivyo.

Walitoka pamoja hadi kwenye sanduku la posta la pembeni mwa barabara, yeye ameshika kiwiko cha mkewe.

"Vifungo unaweza kushona bila macho?" Fundi aliuliza njiani. "Nina sare arobaini, na kuanzia kesho wewe huna pa kwenda."

"Naweza."

"Sare moja kwa dakika ngapi?"

Namba ilimfika Sifuri mdomoni, akaimeza. Walitembea hatua kadhaa.

"Sijui," akasema. "Mpaka nijaribu."

Mbele ya sanduku Fundi alibandika stempu, akalamba gundi ya bahasha mbili, akampa azibane mwenyewe. Alizibana kwa dole gumba, kutoka kona hadi kona, akarudia. Kisha akatafuta mdomo wa sanduku kwa vidole, akaziingiza pamoja, akaachia. Alisikia zikigonga chuma cha chini, kwa kishindo kidogo kisicho na kitu cha kukipokea. Siku hizi hakuna anayeandika barua. Sanduku lilikuwa tupu.